Nchi Bora Kuliko Zote: Sifa na Lawama katika Historia ya Mwanza

Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Kiingereza la Bara Hindi, alipanda kilima cha Isamilo, akaliona ziwa limetanda mbele yake hata upeo wa macho. Leo Isamilo ni sehemu ya mji wa Mwanza, na si mbali nayo mto Mirongo wapita katikati ya mji, katika kata yenye jina hilo hilo, ukienda kumwaga maji yake ziwani. Mwenziwe Speke, Richard Burton, alikuwa amebaki Kazeh, karibu na Tabora ya leo, kwa ugonjwa. Speke alifuatana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuwa mtumwa na ambaye sasa alikuwa mkalimani wake. Na huko Mwanza alimkuta mtemi Mahaya pamoja na Mwarabu aitwaye Mansur bin Salim. Jambo alilolitaka Speke lilikuwa moja, yaani kujua ukubwa wa ziwa. Akaulizwa mtu ambaye kwa kauli ya wenyeji alikuwa msafiri mkubwa kuliko wote wa pale. Mtu huyo aligeuka akaelekea kaskazini, akawa akitikisa kichwa na kurusha mkono mbele huku akialisha vidole kuonyesha umbali usiopimika, kisha akajibu kwamba hapana aliyejua, lakini labda ziwa lilifika mwisho wa dunia.

Jibu hilo limechekwa na baadhi ya wasomaji wa Speke kana kwamba ni ujinga. Lakini lastahili kutazamwa upya. Mtu yule alipewa nafasi ya kujisifia nchi yake mbele ya mgeni, naye hakusema kwamba ziwa lao lashinda maziwa mengine, wala kwamba nchi yao ni njema kupita nchi za jirani. Alisema tu alipofika ujuzi wake, na kwamba mbele ya hapo hapana ajuaye. Mgeni ndiye aliyeondoka na hukumu kamili: aliisifu mandhari, akawaza juu ya biashara itakayowezekana, akalipa ziwa jina la malkia wa kwao, na kabla hajalizunguka akatangaza kwamba ndilo chimbuko la Nile. Katika hilo la mwisho alipata. Lakini alipata kwa kubahatisha, na wenziwe walimbishia kwa miaka mingi.

Tangu siku ile nchi ya Mwanza haikukosa watu wa kuihukumu. Kwa hiyo swali ambalo hutolewa shuleni kuwa mada ya insha, na ambalo hurudiwa kila sikukuu ya taifa, kama nchi ya mtu yastahili kuitwa bora kuliko zote, laweza kuchunguzwa hapa kwa njia ya historia, bila kulijibu kwa shangwe: ni nani aliyeisifu nchi hii, ni nani aliyeilaumu, na kila mmoja alikuwa akihitaji nini kwayo?

Yafaa kuanza na lugha yenyewe. Kiswahili hakina umbo la sifa la kulinganishia. Hakuna kiambishi kinachoweza kutiwa katika neno njema ili lipate maana ya kupita njema nyingine. Msemaji hana budi kutumia kitenzi, kama vile kupita na kushinda, ambavyo ni vitenzi vya mwendo na vya mashindano, au kutumia neno kuliko. Na kuliko, likichambuliwa, ni ku-li-ko, yaani mahali ambako kitu kipo. Asemaye kwamba nchi yake ni bora kuliko nchi za wengine, kwa asili ya maneno yake, amesema kwamba ni bora pale ziliko hizo nyingine. Ndiyo kusema kwamba lugha yamtaka awe amefika huko. Sarufi haimlazimishi mtu kusema kweli, na wengi hulitumia neno hilo bila kuvuka mto. Lakini si vibaya kukumbuka kwamba kipimo kilichofichwa ndani yake ni kipimo cha msafiri.

Kinyume cha hayo ni neno kwetu. Kwetu halina ulinganisho. Halitaji uzuri wa mahali wala wingi wa mali yake. Lataja watu tu, na mahali wanapopatikana. Methali iliyo maarufu kuliko zote katika jambo hili, mkataa kwao ni mtumwa, haisemi kwamba kwao ndiko kwema. Yasema kwamba asiye na kwao amepotewa na uungwana wake. Methali hiyo si ya mapambo. Katika karne ya 19 ilisemwa katika miji ambamo mtumwa alionekana kila siku, na kila mtu aliona kwa macho yake maana ya kutokuwa na kwao. Lugha ya pwani ya wakati ule ilimtofautisha hata mtumwa aliyezaliwa pale, mzalia, na yule aliyeletwa karibuni kutoka bara, ambaye aliitwa mjinga. Mzalia alijua lugha na desturi, alikuwa na heshima kidogo zaidi, lakini kuzaliwa mahali peke yake hakukumfanya mahali pale pawe kwao. Neno uzalendo, ambalo leo ndilo litumikalo kwa maana ya kuipenda nchi, ni la ukoo huo huo wa kuzaa. Wanaolitumia kana kwamba kuzaliwa kwatosha kumfunga mtu kwa nchi, na nchi kwa mtu, wangefanya vyema kumkumbuka mzalia.

Watu wa bara hawakuwa wageni wa kulinganisha. Wasukuma na Wanyamwezi walikwenda pwani kwa maelfu wakiwa wapagazi, miezi mitatu njiani na zaidi, wakaona Bagamoyo na Unguja, wakarudi na nguo na shanga na habari. Hata majina yao yatokana na mwendo: sukuma katika lugha za huko ni kaskazini, na Wasukuma ni watu wa kaskazini, kwa kuitwa hivyo na jirani zao wa kusini. Nchi imepata jina lake kwa mtu aliyesimama mahali pengine. Hilo ni jambo la kawaida katika historia ya majina, ila huwasumbua wale wapendao kuamini kwamba taifa hujitambua lenyewe kwanza, ndipo wengine walitambue.

Basi Wasukuma walipimaje wema wa nchi? Kumbukumbu zilizokusanywa katika karne ya 20, hasa na Hans Cory, aliyechapisha kitabu juu ya mtemi mwaka 1951 na kingine juu ya sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953, zatoa jibu lisilotarajiwa. Mtemi hufasiriwa kuwa ni mtu aliyetema, yaani aliyefyeka msitu na kuifungua nchi. Alichaguliwa na wazee wa utawala, banang'oma, na wazee hao hao waliweza kumwondoa. Mvua ikikosekana, lawama ilikuwa juu yake. Na juu ya hayo yote, ardhi ilikuwa nyingi na watu wachache, hata utajiri wa mtemi ukawa ni watu wake. Mtu aliyeonewa alifunga mizigo, akachukua jamaa na ng'ombe wake, akahamia kwa mtemi mwingine. Nchi njema, basi, ilikuwa nchi ambayo watu hawaihami. Hapakuwa na haja ya kuitangaza. Mwenye macho alihesabu moshi wa majiko asubuhi.

Pasiwepo mtu wa kuyageuza hayo kuwa ndoto ya zamani njema. Watemi walitoza, walipigana, na baadhi yao walishiriki katika biashara ya watu na pembe. Na mtu asiye na jamaa wala ng'ombe hakuweza kuhama kwa wepesi kama mwenye navyo. Hata hivyo kanuni yenyewe ni muhimu. Hukumu juu ya nchi ilikuwa mikononi mwa aliyekaa ndani yake, naye aliitoa kwa miguu.

Wajerumani walipoweka kituo chao Mwanza katika miaka ya 1890, na Waingereza walipouteka mji Julai 1916, hukumu ilihamia kwenye kalamu. Sifa ya nchi sasa ilikuwa ni sifa ya mazao. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ikawa ndiyo lugha ambayo kwayo serikali iliizungumza Usukuma, hata leo kata mojawapo ya mji, jirani ya Mirongo, huitwa Pamba. Watawala walioisifu nchi kwa pamba ndio hao hao waliokuja kuilaumu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1947, ulitekelezwa mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, na msingi wake ulikuwa ni hofu kwamba nchi imechoka: watu wamezidi, ng'ombe wamezidi, udongo unachukuliwa na mvua. Kitabu cha D. W. Malcolm kilichopigwa chapa mwaka 1953 chaonyesha fikra hizo kwa ukamilifu wake, pamoja na hesabu za watu na mifugo wanaoweza kuchukuliwa na kila maili ya mraba. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta, kupunguza ng'ombe, kulipa kodi ya mifugo. Wengine walishawishiwa kuhamia Geita, ambako pori lilifyekwa kwa ajili ya kufukuza mbung'o.

Mengi katika hesabu zile hayakuwa uongo. Mmomonyoko wa udongo ulikuwapo, na matuta yana faida yake. Kosa halikuwa katika lawama bali katika mwenye haki ya kuitoa. Mkulima aliyekaa juu ya udongo ule hakuulizwa kitu, aliambiwa. Na alipojibu, jibu lake halikuitwa maoni juu ya nchi yake, liliitwa ukaidi. Matawi ya TANU yalipigwa marufuku katika Usukuma tangu mwaka 1954 hadi 1958, kwa hiyo katika sehemu yenye watu wengi kupita zote za Tanganyika, kwa muda wa karibu miaka minne, hapakuwa na chama cha siasa cha kusemea.

Watu walisemea penginepo. Paul Bomani na wenziwe waliviunganisha vyama vya wakulima wa pamba, na mwaka 1955 ukaundwa muungano uliojulikana kwa herufi zake VFCU, ambao baada ya miaka michache ulikuwa mojawapo ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Mzani ndio uliokuwa chanzo: wakulima walisadiki kwamba wanunuzi waliwapunja uzito, wakataka mizani yao wenyewe. Hapo pana uzalendo ambao haukuimbwa popote, nao ni wa kudai kwamba ratili iwe ratili. Kisha mwaka 1958 serikali ilipolazimisha baraza la mchanganyiko wa mataifa katika wilaya ya Geita, maelfu ya watu walikataa, wakaandamana hadi Mwanza kutaka kusikilizwa na mkuu wa jimbo, na mwisho wakatawanywa kwa moshi wa machozi. Mpango wa baraza lile ukavunjika. Wale walioandamana hawakudai kwamba Geita au Usukuma ni bora kuliko mahali pengine popote. Walidai kwamba ni kwao.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, neno kwetu lilipanuka ghafla likaenea kutoka ziwani hadi baharini. Hotuba ya Julius Nyerere ya tarehe 10 Desemba 1962, alipoanza kazi ya urais wa jamhuri, yakumbukwa na watu wa utamaduni kwa sababu ndani yake alisikitikia jinsi waliosoma walivyofunzwa kuzijua nyimbo na ngoma za Ulaya na kuzionea haya za kwao, akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Hotuba hiyo hunukuliwa mara nyingi kana kwamba ilikuwa ni tangazo la ubora. Haikuwa hivyo. Ilikuwa ni karipio dhidi ya kujidharau, na kuacha kujidharau si sawasawa na kujitukuza, ingawa mambo hayo mawili huchanganywa kila siku.

Oktoba 1967 Nyerere alikwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa siku kadhaa na wa maili zaidi ya 130, kuhudhuria mkutano mkuu wa TANU uliolizungumza Azimio la Arusha. Miaka kumi baadaye, katika kijitabu chake juu ya miaka kumi ya Azimio, aliandika jambo ambalo viongozi wa nchi chache hupata kuliandika wangali madarakani: kwamba Tanzania kwa hakika haikuwa bado nchi ya kijamaa wala nchi yenye kujitegemea. Alitaja waziwazi uzembe na upotevu katika serikali na mashirika ya umma. Mwaka huo huo wa 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya mateso na vifo vya watuhumiwa mikononi mwa polisi huko Shinyanga na Mwanza. Hapana aliyesema wakati ule kwamba kukiri hayo kuliichafua nchi. Kinyume chake, kujiuzulu kwa Mwinyi kumehesabiwa tangu hapo kuwa ni sifa yake, na ya nchi pia.

Lakini haki yataka isemwe kwamba ruhusa ya kuilaumu nchi ilishuka kutoka juu, haikupanda kutoka chini. Wanakijiji waliohamishwa kwa nguvu katika miaka ya 1974 na 1975 hawakuwa na kijitabu cha kuandika. Wenye ushirika, waliodai mizani yao mbele ya Waingereza, waliona vyama vyao vikuu vikivunjwa kwa amri mwaka 1976, na mizani ikawa tena ya mtu mwingine. Njia ya zamani ya kuihukumu nchi kwa miguu ndiyo iliyobaki, nao wakaitumia: tangu miaka ya 1970 wafugaji wa Kisukuma wameshuka na ng'ombe wao hadi Rukwa, Usangu na bonde la Kilombero.

Jaribio kubwa la swali hili katika Mwanza lilikuja na samaki. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Miaka ya 1980 aliongezeka kwa ghafla, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa, zikatoweka ndani ya muda ambao mtoto hukua akawa kijana. Katika miaka ya 1990 Mwanza ikapata viwanda vya kukata minofu, na minofu ikasafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Mji ulipata kazi na fedha ambazo haukuwa nazo. Ulipata pia neno jipya. Kilichobaki kiwandani baada ya minofu kuondolewa, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, kiliuzwa kwa watu wenye kipato kidogo, kikakaushwa na kukaangwa, kikaitwa mapanki.

Mwaka 2004 Hubert Sauper, Muaustria, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza na kando ya ziwa. Ndani yake waonekana marubani wa ndege za mizigo, wanawake wanaouza miili yao kwao, watoto wa mitaani, na mapanki yaliyoanikwa. Na waulizwa mara kwa mara kama ndege hizo zilizokuja kuchukua samaki zilileta silaha. Filamu ilipata tuzo katika Ulaya na mwaka 2006 ikaingia katika mashindano ya tuzo za Oscar. Hapo ndipo moto ulipowaka. Rais Jakaya Kikwete, katika hotuba yake ya mwisho wa Julai 2006, aliilaumu kwa kuichafulia nchi jina. Na Agosti pakawa na maandamano ya kuipinga katika mji wa Mwanza. Raia waliosaidia kuitengeneza walitazamwa kuwa watu walioiuza nchi yao.

Filamu ile ina kasoro ambazo mwanahistoria hawezi kuzinyamazia. Habari ya silaha imejengwa kwa maswali zaidi kuliko kwa ushahidi. Mwanza yote imefanywa kuwa usiku: hapana shule, hapana soko, hapana mtu anayecheka kwa sababu nyingine isipokuwa ulevi. Mwenyeji aliyeiona na kukasirika alikuwa na haki ya kukasirika, kama vile Msukuma wa mwaka 1953 alivyokuwa na haki ya kuzikasirikia hesabu za Malcolm. Tofauti ni kwamba safari hii serikali yake mwenyewe ilikuwa upande wa hasira, na ilitaka hasira hiyo iwe jibu kamili. Ubishi uligeuka ukawa ni juu ya heshima: je, nchi imetukanwa au haikutukanwa? Kama mapanki ni chakula cha heshima, au kama Watanzania huyala, yakabishaniwa kana kwamba ni shitaka. Swali la nani huondoka na minofu na nani hubakia na mifupa liliachwa kando.

Wataalamu wa lugha wana sababu ya pekee ya kulikumbuka jambo hili. Filamu haikulizua neno mapanki. Neno lilikuwapo katika masoko ya Mwanza kabla mgeni hajafungua kamera yake, nalo lilikuwapo kwa sababu kitu kilikuwapo, na kwa sababu palikuwa na watu wengi walioihitaji tofauti hiyo kati ya samaki mzima, minofu na kinachobaki. Msamiati wa mji ni shahidi asiyeweza kuandamiwa. Hauisifu nchi wala hauilaumu. Wahesabu tu, kama mzani wa Bomani.

Yafaa kuongeza kwamba katika mwaka ule ule wa 2006, na mwaka uliofuata, wafugaji waliohamia Usangu, wengi wao Wasukuma, waliondolewa huko na mifugo yao kwa ajili ya kuhifadhi maji. Hoja ya maji ilikuwa nzito. Lakini familia iliyotembea mamia ya maili ndani ya nchi yake, kisha ikaambiwa kwamba hapo si kwao, ilikuwa na hukumu yake juu ya ubora wa nchi, na hukumu hiyo haikupigiwa maandamano.

Wanaoisifu Mwanza hadi leo hulitanguliza ziwa. Lina eneo la kilomita za mraba karibu 68,800, nalo ni la kwanza kwa ukubwa katika Afrika. Lakini Uganda yasema hivyo hivyo, na Kenya, yenye sehemu ndogo tu ya ziwa, yasema kwa sauti isiyopungua. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Na ngozi hii yavutwa na watatu. Ziwa haliwezi kuwa ushahidi wa ubora wa mmoja wao. Labda ndiyo sababu ya watu kutafuta ushahidi katika mashindano. Mwanza, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2000, imepata zaidi ya mara moja kutangazwa kuwa ya kwanza kwa usafi miongoni mwa majiji ya Tanzania. Tuzo hizo hazikutolewa bure: mitaa ilifagiwa kweli, na wafagiaji, aghalabu wanawake, walistahili sifa zaidi kuliko waliozipokea. Ila katika miaka hiyo hiyo mto Mirongo uliendelea kuchukua maji machafu na taka za mji na kuzipeleka ziwani, na wachunguzi wa maji waliendelea kuuandika kuwa mojawapo ya mito inayolichafua ziwa upande huu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kuwa safi kuliko Arusha au Tanga ni jambo moja. Maji ya Mirongo ni jambo jingine, na neno kuliko halina msaada wowote kwake.

Katika mkoa wa Mwanza wa leo, kisiwani Ukerewe, aliishi mtu aliyeiandika nchi yake kwa namna isiyofanana na hizi zote. Aniceti Kitereza, mjukuu wa mtawala Machunda, aliyesomeshwa na wamisionari na kufika seminari ya Rubya, alikamilisha mwaka 1945 hadithi ndefu sana kwa Kikerewe, juu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, na utasa uliowatesa. Ndani yake mna jinsi ya kutengeneza pombe, jinsi ya kuvua, jinsi ya kwenda kwa wakwe, dawa, mashauri ya wazee, na pia matusi ya ndugu wa mume, ulevi, uchoyo, na ukatili ambao mwanamke asiyezaa alitendewa na watu wa kwao wenyewe. Kitereza alisukumwa na hofu kwamba mambo hayo yatasahauliwa. Hakuyapunguza mabaya ili Ukerewe ipendeze, wala hakuilinganisha na nchi nyingine. Mtu asiyeipenda nchi asingeweza kukumbuka kwa usahihi ule hata namna mgeni anavyokaribishwa maji ya kunawa.

Hapakuwa na mpiga chapa wa kukichukua kitabu cha Kikerewe. Kitereza akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, akiwa mtu mzima wa kuhesabika katika wazee. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwandishi alifariki mwaka 1981.